Maji ya Kijani Katika Sanduku la Kioo

Mwezi huu twataka kuzungumza juu ya jambo lililotusumbua hapa Nshamba, nalo ni sanduku la kioo la kufugia samaki. Vijana wetu wa chuo walilitengeneza wenyewe, lenye kuchukua maji ndoo mbili, wakatia mchanga, mimea ya majini na samaki wadogo sita, kisha wakaliweka dirishani ili kila apitaye alione. Hazikupita wiki tatu, maji yakawa ya kijani, vioo vikashika utelezi, na mimea ikavikwa nyuzi kama nywele. Huo ndio mwani wa maji baridi.

Nasi tulio wakubwa tukakosa. Tuliamuru maji yote yamwagwe, mchanga usuguliwe kwa sabuni, na mchana ule ule yakatiwa maji mapya ya bomba. Siku ya tatu samaki wanne walikuwa wamekufa. Mtoto mmoja alilia mbele yetu, wala hatukuwa na la kumjibu. Baadaye ndipo tulipofahamu kwamba ndani ya mchanga hukaa vijidudu visivyoonekana, ambavyo huigeuza sumu itokayo katika mavi ya samaki ikapungua ukali wake. Hao ndio tuliowaua kwa sabuni. Tena klorini itiwayo katika maji ya bomba huwadhuru samaki. Yafaa maji yalale kutwa na usiku katika chombo kilicho wazi.

Sababu ya mwani wenyewe tuliiona penye mapipa ya udhu. Pipa lenye kifuniko haliotii kijani. Lililo wazi juani huota. Mwani wataka nuru, na wataka mbolea, na mbolea ya sandukuni ni mavi ya samaki na makombo yao. Basi tuliliondoa dirishani, tukaliwekea taa ya saa sita hadi nane kwa siku, si zaidi. Chakula hutolewa mara moja, kadiri samaki wanavyomaliza kwa dakika mbili (na hapa ndipo penye kazi ya mzazi, maana watoto hupenda kulisha kila wapitapo). Kila wiki huondolewa robo tu ya maji, na vioo hufutwa kwa kitambaa kisichoguswa na sabuni. Mimea ikuayo upesi tuliiongeza, kwa kuwa hushindana na mwani kwa chakula kile kile.

Kijana mmoja alitaka kuleta konokono wa ziwani wale utando. Tulimkataza. Konokono wengine wa Ziwa Victoria hutoa vimelea vya kichocho, navyo hupenya ngozi ya mtu atiaye mkono majini. Hata mimea ichumwayo ziwani huweza kuja na konokono wadogo waliojificha majanini.

Ziwa nalo lapatwa na ugonjwa huo huo, kwa mbolea na taka zishukazo kutoka mashambani na mijini. Mwaka 1997 wataalamu walieleza katika jarida la Science kwamba maji yakiingia ukungu, furu jike hazioni vizuri rangi za madume wa aina yake, na aina zikachanganyika.

Samaki wetu wawili waliosalia wangali hai. Mwani haukwisha kabisa. Umebaki kidogo pembeni, nasi twauvumilia. Wiki hii zamu ya kubeba ndoo ni ya yule mtoto aliyelia.