Shaba ni ya Katanga, hesabu ni ya nani?

Matokeo ya Exetat yakishatoka, nyumba nyingi za Lubumbashi huwa na mazungumzo yale yale: mtoto akasomee nini? Udaktari unaeleweka. Sheria inaeleweka. Hata uchumi unaeleweka, ilimradi uwe ule wa benki, wa kaunta na wa kushika vitabu vya kampuni. Lakini kijana akisema anataka kusomea uchumi wa hesabu, yaani ule unaounganisha nadharia ya uchumi na hesabu za juu, takwimu na kompyuta, kimya kinaingia. Kisha baba mdogo anauliza: "Na akimaliza, kazi atapata wapi?"

Swali hilo halistahili kubezwa. Anayeuliza huenda ndiye atakayelipa pesa za masomo, mwaka baada ya mwaka, kutoka kwenye meza ya unga sokoni Kenya au kwenye mshahara wa ualimu unaochelewa. Ila jibu lake liko karibu kuliko anavyodhani. Linapita kila siku kwenye barabara ya Kasumbalesa, juu ya malori yanayopeleka shaba nje ya nchi.

Chukua mfano wa mrahaba wa migodi, ule watu wanaouita redevance minière. Sheria ya migodi iliyorekebishwa Machi 2018 inaitaka kampuni ilipe asilimia 3.5 ya thamani ya shaba inayouza. Kobalti, tangu serikali ilipoitangaza kuwa madini ya kimkakati mwishoni mwa mwaka huo, inalipiwa asilimia 10. Pesa hizo zinagawanywa: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa sekta, usultani au komine yenye mgodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Tuseme mgodi umeuza shaba ya dolari milioni 100. Mrahaba ni milioni 3.5. Jimbo linapata 875,000 na usultani unapata 525,000. Ingekuwa kobalti ya thamani hiyo hiyo, usultani ungepata milioni 1.5.

Hadi hapo mwanafunzi wa shule ya msingi anaweza kufuata. Ugumu uko nyuma ya hesabu hiyo: ile milioni 100 imetoka wapi? Imetokana na tani zilizopimwa, kiwango cha metali ndani ya kila tani, na bei ya soko la metali la London. Namba tatu, na kila moja ina mtu aliyeiandika. Kiwango kikishushwa kidogo tu kwenye karatasi, hakuna jicho litakaloona tofauti ndani ya lori, lakini mwisho wa mwaka kuna kituo cha afya ambacho hakikujengwa. Sultani anayepokea taarifa ya benki atajuaje kama 525,000 ndizo alizostahili? Anahitaji mtu wa kuchukua taarifa za mauzo za miezi 12, kuzilinganisha na bei za London, na kugundua mwezi ambao hauendani na mingine. Kazi hiyo inafundishwa chuo kikuu. Ndiyo hiyo hiyo baba mdogo anayoiuliza.

Lubumbashi ina sababu yake ya pekee ya kutomeza hesabu za wengine bila kuzipima. Kati ya 2003 na 2004, chini ya mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliacha kazi katika ile operesheni iliyoitwa départs volontaires. Kampuni iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa imeporomoka, na wengi wa watu hao walikuwa na malimbikizo ya mishahara ya miezi na miezi. Kila mmoja alipewa kitita kimoja, kilichokokotolewa kwa kanuni ambayo yeye hakuitunga. Miaka mingi baadaye, vyama vya wafanyakazi hao vilikuwa bado vinadai hesabu yao ya mwisho. Mtu anaweza kubishana kama kampuni iliyofilisika ingeweza kulipa zaidi ya pale. Lakini upande mmoja wa meza ulikuwa na wataalamu wa kukokotoa, na upande wa pili ulikuwa na kalamu ya kutia sahihi. Leo watoto na wajukuu wa wale wa upande wa pili wako Kasapa, wamekaa ndani ya auditoire.

Hesabu za sasa ni kubwa zaidi. Tarehe 22 Februari 2025, Kinshasa ilisimamisha usafirishaji wa kobalti ili kuinua bei iliyokuwa imeanguka. Oktoba mwaka huo zikaja kota: tani 18,125 kwa miezi iliyobaki ya 2025, kisha tani 96,600 kwa mwaka 2026 na kiasi kile kile kwa 2027. Idara ya jiolojia ya Marekani ilikadiria kwamba migodi ya RDC ilitoa tani 220,000 hivi mwaka 2024, karibu robo tatu ya kobalti ya dunia nzima. Ukigawanya, unaona kwamba bei inapaswa kupanda zaidi ya mara mbili ndipo nchi ipate pesa zile zile kwa tani chache namna hiyo. Je, wanunuzi watalipa, au watengenezaji wa betri wataongeza kasi ya kuhamia kwenye aina zisizotumia kobalti? Indonesia itajaza pengo kwa haraka gani? Na mapato ya jimbo la Lualaba na ya Haut-Katanga yatakuwaje mwezi wa kwanza, wa sita, wa kumi na mbili? Haya ni maswali ya mwaka wa tatu wa uchumi wa hesabu kabisa. Yana vifaa vyake: namna ya kupima jinsi mahitaji yanavyopungua bei inapopanda, na namna ya kutenganisha athari ya kota na athari ya mambo mengine yaliyotokea wakati ule ule. Ni ajabu kwamba mjadala huo unasikika zaidi katika ripoti za ofisi za London kuliko katika kazi za mwisho za wanafunzi wa Katanga.

Wanafunzi hawakosi akili. Wanakosa vitu vingine, na hapo ndipo lawama inapaswa kugawanywa vizuri.

Kwanza kuna msingi. Sehemu kubwa ya vijana wanaoingia uchumi wametoka section ya commerciale, ambako walijifunza kushika vitabu vizuri lakini hesabu chache kuliko wenzao wa math-physique. Mwaka wa kwanza wanakutana na matrisi, uwezekano na hesabu za mabadiliko, vyote kwa pamoja, kwa silabusi iliyopigwa fotokopi mara nyingi hadi alama za juu na za chini hazitofautiani. Anayefaulu mara nyingi ni yule aliyekariri mazoezi ya miaka iliyopita. Anayeanguka anaondoka akiamini kwamba hesabu si za watu kama yeye, na hasara hiyo haiandikwi popote.

Kisha kuna muda. Mfumo wa LMD ulioanza kutumika nchini mwaka wa masomo 2021-2022 umefuta ile njia ya zamani ya miaka mitatu ya graduat na miwili ya licence. Sasa licence ni miaka mitatu, yenye krediti 180. Mabadiliko hayo yana faida yake, maana diploma inalingana na za nchi nyingine. Lakini ekonometria na kazi za vitendo, ambazo zamani zilikuwa na nafasi ya kupumua katika miaka ya mwisho, sasa zinabanwa. Chuo kinachobeba masomo ya miaka mitano na kuyasukuma ndani ya mitatu bila kuchagua kitatoa watu waliosikia kila kitu na wasioweza kufanya chochote. Bora mafundisho machache, na mwanafunzi aliyewahi kusafisha jedwali moja chafu kwa mikono yake mpaka likasomeka. Programu kama R haziuzwi, zinapatikana bure. Kinachohitajika ni kompyuta chache, umeme usiokatika saa ya mazoezi, na mwalimu aliye tayari kukaa karibu na mwanafunzi mashine inapogoma.

Mbaya kuliko yote ni ukame wa takwimu. Nchi hii haijahesabu watu wake tangu sensa ya 1984, wakati walikuwa milioni 30 hivi. Kila "kwa kila mkaaji" inayoandikwa leo, iwe pato, shule au zahanati, imekaa juu ya makadirio. Kwa hiyo mwanafunzi wa Lubumbashi anayetaka kumaliza anafanya kinachowezekana: anachukua kwenye intaneti safu ya mwaka kwa mwaka ya Benki ya Dunia juu ya RDC nzima, namba 30 hivi, anazipitisha kwenye programu, anapata matokeo, anatetea kazi yake, anapigiwa makofi. Mji aliomo, wenye soko, mpaka, migodi na unga unaopanda bei kila Zambia inapobana mahindi, haumo hata kwenye ukurasa mmoja.

Wala haijawa hivyo siku zote. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Observatoire du changement urbain ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi ilituma watafiti nyumbani kwa watu kuuliza familia zinaishi vipi, zinakula nini na pesa inatoka wapi wakati mshahara wa Gécamines haupo tena. Hakuna aliyehitaji satelaiti kwa kazi hiyo. Ilihitaji daftari, miguu na watu waliofundishwa kuchagua nyumba za kuhoji bila upendeleo. Kundi la wanafunzi 40 likitumwa kila Jumamosi kwenye masoko ya Kenya, Katuba na Ruashi kuandika bei ya unga, mafuta, makala na samaki, baada ya miaka mitatu Lubumbashi ingekuwa na safu yake ya bei, na kila mmoja wa hao 40 angekuwa na kazi ya mwisho iliyo yake.

Kampala wamekwenda mbele katika hili. Makerere ilianzisha taasisi yake ya takwimu na uchumi tumizi mwaka 1969, na leo inatoa shahada ya kwanza ya sayansi katika uchumi wa hesabu, kwa jina hilo hilo, ndani ya shule inayofundisha takwimu na mipango. Mwanafunzi anajua tangu siku ya kwanza alichokuja kutafuta. Kwa wanaozungumza Kifaransa ziko shule za takwimu za Abidjan, Dakar na Yaoundé, lakini familia ngapi za Kampemba zinaweza kumpeleka mtoto huko?

Basi mzigo unarudi nyumbani, na hauko juu ya mabega ya maprofesa peke yao. Kampuni na serikali tayari zinatoa ripoti za malipo kupitia ITIE, lakini zinakuja zikiwa zimechelewa, katika kurasa nyingi ambazo si rahisi kuzigeuza jedwali. Jimbo la Haut-Katanga linaweza kuamua, bila kungoja Kinshasa, kutangaza kila mwezi kiasi cha mrahaba kilichopokelewa na jimbo lenyewe, na kuzitaka sekta na komine zifanye vivyo hivyo, kampuni kwa kampuni, katika jedwali ambalo mtu anaweza kulifungua na kulijumlisha. Haigharimu barabara wala daraja. Anayesema namba hizo ni siri aeleze ni siri ya nani, maana sheria imeandika asilimia zake hadharani.

Chuo nacho kinaweza kuwapa wanaotoka commerciale muhula wa kujenga msingi wa hesabu kabla ya kuwapima pamoja na wengine. Na sekta zenye migodi, ambazo zinapokea wanafunzi wa stage na kuwatuma fotokopi, zinaweza kuwakabidhi daftari la mapato.

Kuna tarehe inayosukuma. Sheria ya 2018 inaitaka kila kampuni ya migodi isaini na jamii zinazoizunguka hati ya ahadi, cahier des charges, ya miaka mitano, na itoe angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo yao. Zile za kwanza zinafika mwisho na zinajadiliwa upya, kijiji kwa kijiji. Kampuni itakuja na mwanasheria, mtu wa fedha na kompyuta iliyokwisha kupiga hesabu za gharama za kila zahanati na kila kilomita ya barabara. Upande wa pili atakaa sultani na wazee wake. Pembeni yao kuna nafasi ya kiti kimoja, na kwa sasa hakuna aliyekikalia.