Kipigo cha Ndani ya Geti Nacho ni Jinai

Na Rehema Mdoe

Huku kwetu Mbezi Beach, kibaka akiruka ukuta usiku, filimbi zinalia, walinzi wanatoka na marungu na majirani wanapigiana simu. Kabla hakujapambazuka, mwenyekiti wa serikali ya mtaa ana habari. Lakini kilio cha mwanamke kikitoka ndani ya ukuta huohuo, mlinzi anaongeza sauti ya redio na jirani anafunga dirisha. Asubuhi mama wa watu anatoka kajitanda mtandio hadi shavuni, nasi tunamuuliza habari za watoto.

Tunajitetea kwamba mambo ya mke na mume hayaingiliwi. Sheria haisemi hivyo. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinatamka kwamba hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo, hata kama mila inaruhusu. Kanuni ya Adhabu, katika kifungu cha 241, inasema anayemshambulia mtu na kumdhuru mwili anaweza kufungwa hadi miaka 5. Cheti cha ndoa hakimwondoi mtu kwenye kifungu hicho.

Wala si msiba wa nyumba moja. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulikuta wanawake 4 kati ya 10, wa umri wa miaka 15 hadi 49, wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu walipotimiza miaka 15.

Vituo vingi vya polisi sasa vina dawati la jinsia na watoto. Aliyepigwa hupewa fomu ya polisi iitwayo PF3, na daktari huandika humo jeraha liko wapi na lina ukubwa gani. Fomu hiyo hurudi polisi na inaweza kuwa ushahidi mahakamani. Ndiyo maana kuchelewa kunamnufaisha mpigaji: tukisubiri mashangazi waje kusuluhisha wiki ijayo, daktari atakuta uvimbe umekwisha. Kikao cha wazee kina heshima yake, ila kisitangulie hospitali.

Kwa hiyo wenyeviti wetu waliingize jambo hili kwenye vikao vya ulinzi shirikishi, na walinzi waambiwe nani wa kumpigia simu wakisikia kipigo. Nasi majirani tuache kumwambia mwenzetu avumilie. Tumwambie: twende kituoni, nilisikia, nitatoa ushahidi.