Kazi ya Vidole Ihifadhiwe kwa Maandishi

Karani aliyepewa orodha ndefu ya majina, ukoo ukiwa umetangulia na koma ikifuata, naye akatakiwa ayapindue yote, aghalabu hukaa akabonyeza vitufe vilevile mstari baada ya mstari hata mikono ikamlegea, ilhali kompyuta iliyo mbele yake yaweza kuzinasa harakati hizo mara moja na kuzirudia, na jambo hilo ndilo liitwalo makro. Katika Vim, programu ya kuhariri maandishi aliyoitoa Mholanzi Bram Moolenaar mwaka 1991, na ambayo hakuitakia bei ila aliwaomba waitumiao wawasaidie watoto wa Kibaale nchini Uganda, mtu hubonyeza q na herufi, tuseme a, akautengeneza mstari mmoja kwa utaratibu, akabonyeza q tena. Na tangu hapo @a huirudia kazi ile, hata mara mia akipenda.

Wengi huridhika hapo, nami siafikiani nao, kwani kilichonaswa ni mwendo wa vidole, si nia ya mwenye vidole. Aliyeifikia koma kwa kusogea kulia mara nne amefaulu kwa Juma, lakini kwa Mwinyimkuu atalikata jina katikati. Dawa i ndani ya programu yenyewe, na ndiyo sifa yake niipendayo kupita zote: makro ni maandishi tu yaliyokaa katika rejista, yaani hifadhi iitwayo kwa herufi ile uliyoichagua, nawe ukibonyeza "ap kwenye mstari mtupu utayaona, uzifute zile llll za kusogea kulia, utie f ikifuatwa na koma, yenye kuamuru kwenda mpaka koma, kisha uyarejeshe kwa 0"ay$.

Kuhifadhi nako kwataka hadhari. Rejista ibebayo makro ndiyo hiyohiyo ibebayo maneno yaliyonakiliwa, basi anakiliye sentensi kwa herufi a ameifuta amali yake pasi na kuonywa. Kwa hiyo makro yenye thamani iandikwe katika faili la mipangilio ya Vim, liitwalo vimrc, kwa let @a, na juu yake maelezo ya kazi yake na ya namna ya orodha itarajiwayo na makro hiyo.

Naziomba ofisi zetu, hasa zipokeazo orodha za namna moja kila mwezi, zilitunze faili hilo pamoja na nyaraka nyingine, lisomwe na wote na kusahihishwa na ajuaye zaidi. Leo karani akihamishwa huondoka na ustadi wake wote, na amrithiye huanza upya, herufi kwa herufi, kazi ambayo mwenziwe alikwisha kuirahisisha.