Deni la ploti linalokumbukwa siku ya kuuza

Tuseme marehemu mzee amewaachia nyumba mjini Kitui. Mabati yameshika kutu lakini ploti iko pazuri, na mnunuzi amepatikana. Bei mmeelewana, dalali ashaanza kupiga hesabu ya chake. Wakili anakutuma kaunti ukachukue cheti cha kutodaiwa. Karani anabonyeza kompyuta, anakohoa, halafu anakwambia: hapa kuna deni la kodi tangu 2003. Miaka yote hiyo hukuletewa barua hata moja.

Ndugu yangu, usigombane na huyo karani. Lakini pia usikimbilie kulipa.

Jua kwanza unadaiwa na nani. Kuna kodi ya mali, ambayo Katiba kifungu cha 209 imeipa kaunti, na kuna kodi ya ardhi ya serikali kuu kwa wenye ploti za lizi, inayolipwa Wizara ya Ardhi. Kulipa moja hakufuti nyingine. Wakati wa kuhamisha ardhi unaweza kutakiwa utoe ushahidi kwamba hakuna kinachodaiwa. Na ukifikiria kumtupia mnunuzi mzigo kimyakimya, soma kifungu cha 28 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012: kodi ambayo sheria imeifunga kwenye ardhi inabaki juu ya ardhi hata kama haikuandikwa kwenye rejista. Yaani deni linafuata ploti. Mtu wa watu atashika hati miliki yake akidhani ni safi, kumbe amenunua na madeni ya mzee wako. Sisi tunaojua kwamba deni la marehemu hutolewa kabla ya mirathi kugawanywa, kuficha hapa ni aibu mara mbili.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo watu wanaumia. Chukua mfano wa kodi ya shilingi 2,000 kwa mwaka, haikulipwa miaka 20. Kodi yenyewe ni 40,000. Weka riba ya asilimia 1 kwa mwezi, tena isiyojizalisha. Siku kodi ya mwaka wa 20 inapoiva, riba peke yake imefika 45,600. Mtoto amemshinda mama! Ndiyo maana usikubali kupewa jumla iliyoandikwa kwenye kijikaratasi. Omba mchanganuo wa mwaka kwa mwaka: kodi ni ngapi, riba ni ngapi, na riba hiyo imetozwa kwa sheria gani.

Huko kwetu mchanganuo ni muhimu zaidi kwa sababu vitabu vimehama mikono. Makueni ilikatwa kutoka Machakos mwaka 1992. Ploti ya Wote au Emali iliyogawiwa miaka ya themanini ilikuwa chini ya kansol ya Masaku. Mwingi nayo ilikuwa wilaya peke yake kabla ya kurudi ndani ya Kitui. Halafu 2013 kansol zote zikafa, kaunti zikarithi rejista jinsi zilivyokuwa. Mzee anaweza kuwa alilipa vizuri tu na risiti yake isifike kwenye kompyuta. Fungueni lile sanduku la chini ya kitanda kabla hamjakubali kwamba hakulipa. Risiti ya kansol ya zamani, hata iwe imeliwa na mende pembeni, ni ushahidi.

Ukinyimwa mchanganuo, andika barua. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inataka ujibiwe ndani ya siku 21. Kifungu cha 47 kinataka uamuzi wa ofisi uwe wa haki, na ukikuumiza upewe sababu kwa maandishi. Wakinyamaza, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Haya hayahitaji pesa ya wakili. Yanahitaji nakala ya barua iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Mimi sisemi kodi isilipwe. Barabara na taka za soko zinalipiwa na nani? Ninachopinga ni ofisi kulala miaka 20 bila hata notisi, halafu kuamka siku unayouza na kutoza riba ya usingizi wake. Kaunti nyingi hutangaza msamaha wa riba kwa anayelipa kodi yenyewe. Uliza kama upo, na kama haupo, omba kwa maandishi. Wawakilishi wetu wa wadi nao waulizwe kwa nini notisi haitumwi kila mwaka, kwa simu tu, wakati namba zetu wanazo vizuri msimu wa kura.

Kwa mnunuzi, mweleze mapema. Muandike kwenye mkataba nani analipa nini, na kama hesabu bado inabishaniwa, kiasi hicho kibaki kwa wakili mpaka cheti kitoke. Atakayekimbia kwa sababu umemwambia ukweli angekushtaki baadaye.

Kama unafikiria kuuza Desemba watu wakija nyumbani, hiyo barua ya mchanganuo ipeleke sasa, kabla ya kumtafuta dalali.