Maumivu Yasiyoonekana

Mgonjwa wa kansa huulizwa, "Wapi panauma?" Bibi Cicely Saunders wa Uingereza, aliyezaliwa mwaka 1918, aliona swali hilo halitoshi.

Alikuwa nesi wakati wa Vita Kuu ya Pili, mgongo ukamshinda, akashika kazi ya kushughulikia shida za nyumbani za wagonjwa. Mwaka 1947, hospitalini London, alimjua David Tasma, Myahudi wa Warsaw, mwenye kansa isiyoponyeka wala jamaa karibu. Kilichomtesa zaidi ni kudhani ameishi bure. Cicely alimzuru mara nyingi, wakaongea juu ya nyumba ya kuwatunza watu kama yeye. Alipofariki mwaka 1948, akiwa na miaka 40, Tasma alimwachia pauni 500, akitaka awe dirisha la nyumba hiyo.

Pauni 500 hazijengi hospitali. Tena Cicely aliambiwa madaktari hawatamsikia, basi akasoma mwenyewe, akawa daktari mwaka 1957. Kwa masista wa St Joseph's aliwapa wagonjwa mofini kwa saa zake, kabla maumivu hayajarudi. Kisha aliketi kusikiliza. (Wengi wetu tukitembelea wagonjwa hukimbilia kusali, tukaondoka.) Akafundisha kwamba mwili, moyo, mambo ya nyumbani na roho huuma pamoja.

Mwaka 1967 alifungua St Christopher's, na dirisha la Tasma limo. Humo humo, mwaka 2005, yeye naye alikufa kwa kansa.