Mtihani wa Chini ya Mwarobaini

Atakaye kuujua mtihani wa Biolojia wa kidato cha nne asiutafute ndani ya chumba cha mtihani. Humo mna kimya, msimamizi na karatasi. Na asubiri nje mpaka watahiniwa watoke, wajikusanye kivulini na kuanza kuulizana: wewe lile la mwisho umelijibuje? Hapo ndipo atakapomjua ajuaye na asiyejua.

Mimi niliyasikia hayo Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, Novemba moja nilipokwenda kuwazuru jamaa zangu. Nyumba ya mwenyeji wangu ilipakana na shule ya sekondari, na kati ya ua wake na uwanja wa shule ulikuwepo mwarobaini mkubwa. Vijana wapatao kumi walikuwa chini yake wakilinganisha majibu. Ugomvi wao ulihusu swali la urithi: mume na mke wote wawili wamebeba jeni ya selimundu, ila hawaumwi, je, upo uwezekano gani wa kuzaa mtoto mgonjwa? Robo, walisema wote. Hapo hapakuwa na ubishi. Ubishi ulikuwa juu ya maana ya hiyo robo.

Kijana mmoja, msemaji hodari, alishikilia kwamba katika kila watoto wanne mmoja lazima awe mgonjwa. Basi waliokwisha kumpata huyo mmoja watatu waliobaki watasalimika. Binti mmoja akamkatiza. "Siyo hivyo. Kila mimba inaanza upya. Mimba haikumbuki iliyotangulia. Sisi nyumbani tuko watano, na wanaoumwa ni wawili." Akaokota kijiti, akachora mchangani mraba wa vyumba vinne, akatia herufi kila chumba, kisha akaufuta kwa kiganja na kuuchora tena. "Huu ni wa mtoto wa kwanza. Huu wa pili. Ni ule ule." Wenziwe wakanyamaza.

Nikawasogelea. Wakaniamkia, nikaitikia, nikamuuliza kama maelezo hayo aliyaandika. "Hapana, mzee. Niliandika robo, nikachora mraba. Maelezo niliyaanza, sentensi ikanigomea, nikaikata."

Msomaji na alitazame jambo hili kama lilivyo. Yupo aliyejua na yupo aliyekosea, na huenda karatasi zao zikapewa alama sawasawa, kwani wote wameandika robo. Tofauti baina yao, ambayo ndiyo elimu yenyewe, ilikuwa katika maelezo, na maelezo yalizuiliwa mlangoni kwa kuwa hayakuvaa Kiingereza. Mtihani usioweza kumtenga ajuaye na asiyejua unapima nini? Wala jambo hili si la alama peke yake. Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa sehemu za Tanzania zilizoelemewa mno na selimundu. Yule kijana ataoa. Akioa na lile kosa lake kichwani, atakayelipa ni mtoto.

Najua majibu nitakayopewa, kwa kuwa nimeyasikia tangu ujana wangu.

La kwanza ni kwamba Kiswahili hakina istilahi. Hili silijibu tena kwa upole. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1990. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo sasa ni mzazi. Tena yatazame maneno yenyewe. Usanisinuru: limebeba usanisi na nuru, na mtoto alisikiapo amekwisha kupata nusu ya somo. Kimeng'enya: humwambia kazi yake ni kumeng'enya. Selimundu: seli iliyopindika mfano wa mundu, na mtoto wa mkulima anaujua mundu. Neno la Kiingereza la usanisinuru limeundwa kwa Kiyunani, na mtoto wa Bariadi hulikariri kama azimio lisilo na tafsiri. Ajabu iliyoje, kuyaacha maneno yanayojieleza na kushika yale yanayohitaji kuelezwa, kisha tukasema lugha yetu ndiyo masikini.

La pili ni kwamba Kiingereza ni ufunguo wa dunia. Kweli. Mimi nilijifunza lugha hiyo bila mwalimu, kwa kamusi na taa ya chemli, na imenipa riziki; sina sababu ya kuitukana. Lakini lugha hufundishwa kama lugha, kwa mwalimu aijuaye na vitabu vinavyosomeka. Kumfundisha mtu figo kwa lugha asiyoielewa hakumpi lugha wala figo. Walimu wenyewe wanalijua hilo: hueleza kwa Kiswahili, kisha huandika ubaoni kwa Kiingereza. Na taarifa za Baraza la Mitihani la Taifa za kuchambua majibu ya watahiniwa hazichoki kuutaja udhaifu wa Kiingereza miongoni mwa sababu za kuanguka. Daktari huyu anaandika jina la maradhi kila mara, kisha anamrudishia mgonjwa sumu ile ile.

Dawa ilikwisha kutajwa. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia sekondari mwaka 1985, na Serikali ikalikataa pendekezo hilo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ikakifungulia Kiswahili mlango wa ngazi zote. Toleo lake la 2023 likakibakisha Kiingereza sekondari. Basi mtoto wa shule ya msingi ya Serikali, anayesoma sayansi kwa Kiswahili kama ilivyo Bara tangu 1967, akifika kidato cha kwanza huanza upya kama aliyepigwa na kiharusi cha ulimi.

Na asidhani mtu kwamba haya ni ya Wasukuma na pamba yao. Sisi wa visiwani tuna mchezo wa kukicheka Kiswahili cha bara, r na l zake, ngeli zake. Nami nimecheka. Lakini chini ya ule mwarobaini nilisikia Kiswahili kikifanya kazi ambayo sisi tunaojiita wenyewe hatujakipa: kikieleza, kikipinga, kikithibitisha. Watoto wetu wa Unguja na Pemba huufanya mtihani huo huo wa kidato cha nne, kwa Kiingereza hicho hicho. Tena sera yetu ya elimu ya 2006 ndiyo iliyoagiza sayansi na hisabati zifundishwe kwa Kiingereza tangu darasa la tano. Kila tarehe 7 Julai, siku waliyoitangaza UNESCO mwaka 2021, tunapanda majukwaani na mashairi ya kuisifu lugha. Tumeifanya bibi arusi: apambwe, atiwe udi, aimbiwe, wala asiulizwe neno.

Lawama yangu kubwa nimeiweka kwa watu wa kazi yangu. Hoja moja ya wapinzani naikubali: vitabu vya sekondari vya sayansi kwa Kiswahili havitoshi, na mtihani hauwezi kutangulia kitabu. Ni nani wa kuvitafsiri kama si sisi? Mwalimu Nyerere alimtafsiri Shakespeare mara mbili, mwaka 1963 na 1969, akathibitisha kwamba Kiswahili kinamudu lolote, kisha nchi yake ikawaachia watoto Biolojia ya Kiingereza. Nasi tukamfuata katika hilo la kwanza. Tuna tamthilia na diwani za kigeni tele kwa Kiswahili. Kitabu cha Biolojia cha kidato cha tatu tumekionea haya, maana hakina sifa wala wa kukipigia makofi.

Ninalolidai ni dogo. Karatasi ya Biolojia ichapishwe kwa lugha mbili, na mtahiniwa achague ya kujibia. Kiingereza kibaki, na kifundishwe vizuri kuliko sasa. Nasi tukae kitako tuanze na sura moja, ya urithi, ile yenye mraba wa vyumba vinne.

Binti yule aliniaga upesi. Mchana alikuwa na karatasi nyingine, na kijana aliyebishana naye alikuwa bado amechutama, akiuchora mraba peke yake.