Mulima Elgon unazaa mabingwa wa dunia. Mashindano yenyewe yatapanda huko lini?

Ndugu vijana, tuulizane kitu kimoja. Ni nani kati yetu anaweza kutaja bingwa mmoja tu wa dunia wa mbio za milima? Mupira wa Ulaya tunaujua paka bei ya kila muchezaji. Lakini mbio za milima, kimya. Na sisi tunaishi mu milima! Huku kwetu, kutoka Butembo paka Uvira, mutu akifungua mulango asubuhi anaona mulima mbele yake, ao yeye mwenyewe amesimama juu yake.

Kisha wale mabingwa ni majirani. Tangu 2009, mataji mengi ya wanaume yameenda Uganda, na wakimbiaji wa ile ekipe karibu wote wanatoka sehemu moja: Kapchorwa, Bukwo, Kween, pembeni ya mulima Elgon, pale mpaka wa Uganda na Kenya unapita. Mulima mmoja! Sisi tunasema hivi: mashindano yanayochota mabingwa wake mu mulima mmoja, na mu miaka 40 hayajapanda ule mulima hata mara moja, yako na deni.

Yalianza 1985, San Vigilio di Marebbe, kijiji cha Alps upande wa Italia. Wakati ule yalikuwa jambo la majirani wa Ulaya: Waitalia, Waswisi, Waaustria, Wafaransa, na Waingereza waliokuja na desturi yao ya kukimbia juu ya vilima vyenye matope. Kwa muda mrefu yaliitwa kombe tu. Jina la ubingwa wa dunia lilikuja 2009. Na kwa miaka mingi yalikuwa na utaratibu mumoja ambao sisi tunaupenda: mwaka mumoja watu wanapanda tu na mbio inaishia juu, mwaka unaofuata wanapanda na kushuka. Si mchezo mumoja, ni miwili. Mwenye mapafu makubwa anashinda mwaka huu. Mwaka kesho anapitwa na mwenye magoti magumu, yule asiyeogopa kuteremuka mu mawe kwa kasi.

Kwa wasiojua uzito wa jambo hili: mbio ya kupanda si ndefu, mara nyingi kilometa 8, 10, ao 12. Lakini mu zile kilometa unainuka karibu mita 1000, wakati mwingine zaidi. Wale waliopanda Nyiragongo kutoka Kibati wanaelewa: kilometa kama 8 hivi, na mutalii anatumia saa nne, tano, sita, na mapumziko njiani. Hawa watu wanamaliza mita 1000 za kupanda chini ya saa moja. Kwa kukimbia.

Wakubwa wa enzi za kwanza tuwape heshima yao. Jonathan Wyatt wa New Zealand alishinda mara sita kati ya 1998 na 2008. Andrea Mayr, daktari wa Austria, alichukua taji mu 2006, 2008, 2010, 2012, 2014 na 2016. Angalieni hizo tarehe: zote ni za miaka ya kupanda tu. Kisha 2023, kwao Innsbruck, akiwa na miaka 43, akashinda tena. Ule mama anatufurahisha sana.

Lakini 2009, mwaka ule ule jina lilipobadilika, Geoffrey Kusuro wa Uganda alishinda kule Italia. Mu 2010 na 2012 ikawa zamu ya Eritrea, Samson Gashazghi kisha Petro Mamu. Halafu Uganda wakafunga mulango: 2013 Phillip Kiplimo kule Poland, 2014 Isaac Kiprop kule Italia, 2015 Fred Musobo kule Wales. Siku ile ile ya Wales, Stella Chesang akashinda upande wa wanawake, akiwa na miaka 18. Mu 2017, kule Premana, nafasi tatu za kwanza za wanaume zote Uganda, na wa kwanza, Victor Kiplangat, alikuwa kijana wa miaka 17! Upande wa wanawake, Lucy Wambui Murigi wa Kenya alishinda ule mwaka, na akarudia 2018 kule Andorra.

Sasa kuna wale wanaosema: ah, hawa wako na damu ya mulima, wanazaliwa hivyo. Tunaikataa hiyo maneno. Joe Gray, Mumarekani, aliwapita mu 2016 na tena 2019. Mayr tumemutaja. Kama ingekuwa damu, nani angewapita? Elgon iko na mita 4321, hewa ni nyepesi, sawa, hiyo inasaidia. Lakini Ruwenzori ni ndefu kupita Elgon, na upande wetu haijatoa bingwa. Wenzetu wa Kapchorwa wako na kitu kingine: vijana wanaoamuka giza kukimbia pamoja, kaka aliyeshinda jana anayemuvuta mudogo wake leo, na picha ya Stephen Kiprotich na dhahabu ya maratoni ya London 2012 mu kichwa cha kila mutoto. Hiyo inajengwa. Anayesema damu anawanyang'anya jasho yao.

Tuje kwa lile deni. Mashindano haya yametembea. Yamefika Malaysia mu 1999, Alaska mu 2003, New Zealand mu 2005, Argentina mu 2019. Mu 2022 yaliunganishwa na mashindano ya dunia ya njia ndefu za porini, yakafanyika Chiang Mai, Thailand. Mu 2023 Innsbruck na bonde la Stubai. Mu 2025 Canfranc, Espania. Kutoka 1985 paka 2025, Afrika? Hakuna hata mwaka mumoja.

Tunajua watakachojibu: barabara, hoteli, hospitali, usalama. Haya. Betws-y-Coed ya Wales, pale Musobo na Chesang walishinda, haiko hata na watu 1000. Premana ni kijiji cha watu elfu mbili na kidogo, kinachojulikana kwa kutengeneza visu na mikasi, kimeshikilia pembeni ya mulima na barabara za kupinda-pinda. Wakimbiaji wa dunia yote walifika huko, na ikawa moja ya siku nzuri za historia ya huu mchezo. Kapchorwa ni kubwa kupita Betws-y-Coed. Kama kijiji cha visu kiliweza, juu ya nini mulima wa mabingwa ushindwe? Uwanja wa kwanza wa mbio ya mulima ni mulima, na ule tayari uko pale, bila budjeti ya serkali.

Kuna jambo la franga pia, na halisemwi sana. Mbio za milima haziko mu Olimpiki. Bingwa wa dunia wa milima anarudi nyumbani na medali, picha, na zawadi ambayo haiwezi kulinganishwa na ile ya maratoni za barabara. Kwa hiyo wanahama. Kiplangat alishuka mulima akaenda barabarani, na mu 2023 akawa bingwa wa dunia wa maratoni kule Budapest. Chesang alichukua dhahabu ya mita 10000 mu michezo ya Commonwealth ya 2018. Hatuwalaumu hata kidogo. Sisi wenyewe tungefanya vile.

Dada yetu Rebecca Cheptegei naye alifanya vile.

Alikuwa wa Bukwo, upande wa Uganda wa Elgon, na mwanajeshi. Mu Novemba 2022, kule Chiang Mai, alishinda mbio ya kupanda na kushuka: bingwa wa dunia, na miaka yake kidogo imepita 30. Aliendelea na maratoni. Kwa mapato ya mbio alinunua shamba Trans-Nzoia, upande wa Kenya, akajenga nyumba karibu na pale wakimbiaji wanafanyia mazoezi. Tarehe 11 mwezi wa 8, 2024, alikimbia maratoni ya Olimpiki kule Paris, akamaliza wa 44. Wiki tatu kisha, siku ya Mungu, tarehe 1 mwezi wa 9, mwanaume aliyekuwa mupenzi wake alimumwangia petroli na kumuwasha moto. Polisi walisema walikuwa wanagombana juu ya ile shamba. Moto ulichoma karibu asilimia 80 ya mwili wake. Alikufa tarehe 5, mu hospitali ya Eldoret. Alikuwa na miaka 33.

Dunia yote iliandika: mukimbiaji wa Olimpiki ameuawa. Wa 44 wa Paris. Muji wa Paris ulisema utapa jina lake mahali pa michezo, na tunawashukuru. Lakini ile kazi ambayo yeye alikuwa wa kwanza wa dunia mzima ilipata mustari mumoja chini ya habari, ao haikupata kitu. Hiyo inatuuma.

Tuseme ukweli: mashindano hayazimi petroli. Na kujulikana hakutoshi. Agnes Tirop alijulikana, alikuwa ametoka tu kuvunja rekodi ya dunia ya kilometa 10 mu mbio za wanawake peke yao, na mu mwezi wa 10 wa 2021 aliuawa kwa kisu nyumbani kwake Iten. Wakimbiaji wenzake walianzisha kundi lenye jina lake, Tirop's Angels, kusaidia wanawake wanaoteswa. Wanariadha wenyewe njo walijikusanya, si wakubwa wa michezo. Musichana wa mulimani anayeanza kupata franga za mbio anazungukwa: mupenzi anayejiita kocha, jamaa anayeshika karatasi za shamba, mutu anayejua namba ya siri ya telefoni yake. Federasyo inajua saa zake paka sekunde. Haijui karatasi za nyumba yake ziko mu jina la nani.

Kwa hiyo sisi vijana wa huku, majirani wa ile milima, tunaomba mambo mawili wazi kwa wale wanaoongoza mbio za milima mu dunia na kwa federasyo ya kila inchi inayotuma ekipe. La kwanza: kila mukimbiaji anayevaa jezi ya inchi yake mu haya mashindano apewe mutu wa sheria wa kumusaidia kuandikisha mali kwa jina lake mwenyewe, na namba ya kupigia simu anapotishwa, mutu ajibu hata usiku. Hiyo haiombi uwanja mupya, haiombi hoteli.

La pili: ile mbio ya kupanda na kushuka, upande wa wanawake, ipewe jina la Rebecca Cheptegei. Na ya kwanza yenye jina lile isikimbiwe Alps. Ikimbiwe Bukwo, pale alipozikwa tarehe 14 mwezi wa 9, 2024.